Panya hana mwenyewe: waya za gari zikitafunwa, nani alipe?

Gari limelala zima, asubuhi haliwaki. Fundi wa umeme akifungua boneti anakuta waya zimemenywa kama muwa, vipande vya karatasi vimejazana kando ya betri, na kinyesi cha panya kimetapakaa. Kwa wenye magari Mombasa na vitongoji vyake, kisa hiki si kigeni. Kinachozua ugomvi ni bili. Mwenye gari anamtazama dereva, dereva anamtazama mwenye uwanja alikoegesha, wote wanaigeukia kampuni ya bima, na kampuni ya bima inaitazama karatasi.

Kwenye karatasi hiyo ndiko kwenye jibu. Angekuwa mbuzi wa jirani aliyekula mboga zako, ungemfuata jirani. Panya hafugwi na hana mwenyewe. Hasara yake hubaki pale ilipoangukia, yaani kwa mwenye mali, isipokuwa kuna mkataba unaoihamisha au uzembe wa mtu unaoweza kuthibitishwa. Kwa hivyo suala la nani alipe huamuliwa siku ya kutia saini, kabla panya hajaingia.

Anafuata nini?

Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, na bila kuguguna kitu hayapungui. Katika nchi za baridi husemwa kwamba anafuata joto la injini. Kwetu joto halikosi hata usiku wa manane. Chini ya boneti anapata maficho makavu yenye giza, asikofika paka wala kunguru, na waya anazikuta hapo hapo.

Iko pia hoja ya soya. Mwaka 2016 wenye magari ya Toyota walifungua kesi California, Marekani, wakidai kwamba maganda ya waya yaliyotengenezwa kwa malighafi ya soya huwavutia panya, na kwamba warantii ilipaswa kugharamia matengenezo. Kampuni ilipinga madai hayo. Hata hivyo, mnunuzi wa hapa asitarajie mengi kwa njia hiyo. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, kisha yakashushwa Kilindini yakiwa na miaka kadhaa, kwani sheria ya Kenya inaruhusu gari lisilozidi miaka 8. Kufikia hapo warantii ya kiwanda kwa kawaida imekwisha.

Bima inasemaje?

Bima ya mtu wa tatu, ambayo Sura ya 405 inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, haigusi jambo hili. Kazi yake ni kuwalinda watu wengine wanaoumizwa na gari lako. Magari mengi ya biashara yana hiyo tu, na mwenye gari asidhani kwamba ile stika iliyo kwenye kioo itamlipia waya.

Wenye bima kamili, ile ya komprihensivu, ndio wenye nafasi ya kudai, lakini nafasi hiyo ina mitego mitatu. Wa kwanza ni maneno. Bima hizi hulipa uharibifu wa ajali, ila kwa kawaida huondoa uchakavu na hitilafu za mitambo au za umeme, na baadhi ya mikataba hutaja wanyama waharibifu waziwazi kuwa hawamo. Ukiandika kwenye fomu “gari lina hitilafu ya umeme”, umejifungia mlango mwenyewe. Ikiwa panya ndiye aliyekata waya, andika hivyo hivyo, na picha uziambatanishe.

Mtego wa pili ni kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye gari hujilipia kabla ya bima kuchangia. Tuseme kiasi hicho ni shilingi 15,000 na fundi amedai 14,000. Hapo bima hailipi hata ndururu. Wa tatu ni punguzo la kutodai. Ukidai leo fedha kidogo, mwaka ujao huenda ukapoteza punguzo lililo kubwa kuliko ulichopewa. Piga hesabu kwanza.

La maana zaidi ni kuuliza mapema. Kabla ya kulipia bima ya mwaka mwingine, mwandikie wakala barua pepe yenye swali moja: je, waya zikitafunwa na panya mnalipa, na kwa kiwango gani? Jibu la mdomo la wakala halina uzito siku ya kudai. Jibu la maandishi unaweza kulipeleka mbele ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA) ukikataliwa bila sababu.

Dereva na tajiri

Anayeumia zaidi hana bima wala gari. Ni dereva wa tuktuk au wa teksi anayempelekea tajiri hesabu kila siku. Chombo kikikaa kwa fundi siku tatu, hana kipato kwa siku tatu, na mara nyingi huambiwa alipe waya vilevile, kwa hoja kwamba “kiliharibika mikononi mwako”.

Hoja hiyo ni dhaifu. Katika fiqhi ya ijara, ambayo matajiri wengi wa pwani wanaijua, aliyekodi chombo amekishika kama amana. Halipi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mipaka ya matumizi waliyokubaliana. Kama aliambiwa alaze tuktuk ndani ya ua akailaza kando ya jaa, au aliacha mabaki ya viazi karai chini ya kiti wiki nzima, hapo ana la kujibu. Kama alikilaza mahali tajiri mwenyewe alipomwonyesha, hasara ni ya mwenye chombo, na kumdai hesabu ya siku ambazo chombo hakikutembea ni kumwonea.

Tatizo ni kwamba makubaliano haya huishia mdomoni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukurasa mmoja unatosha: chombo kitalala wapi, nani anafungua boneti asubuhi, matengenezo yasiyotokana na dereva analipa nani, na hesabu inasimama lini.

Uwanja, gereji na kaunti

Kibao cha “Egesha kwa hatari yako” hakimwondolei mwenye uwanja kila lawama. Sheria ya Wajibu wa Wenye Majengo, Sura ya 34, inamtaka achukue hadhari ya kiasi kwa wanaoingia kwake. Lakini ni lazima uonyeshe kwamba waya zilikatwa pale, na kwamba aliwajua panya akanyamaza. Mbele ya gereji una nguvu zaidi, kwa sababu fundi amekabidhiwa gari na sheria humtaka aonyeshe jinsi alivyolitunza. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, bila ulazima wa wakili, na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60.

Ipo pia kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inataka maghala ya vyakula yajengwe kwa namna ya kuwazuia panya. Jaa likikaa wiki nzima nyuma ya soko, au ghala likiwa na matundu, panya wanapata chakula huko na malazi kwenye magari yetu. Kuishtaki kaunti kwa ajili ya waya za gari moja ni safari ndefu. Lakini wakaazi na wafanyabiashara wa mtaa mmoja wakipeleka malalamiko kwa maandishi, yenye picha na tarehe, kwa afisa wa afya ya umma na kwa mwakilishi wa wadi, wanakuwa wamejenga ushahidi kwamba kaunti ilijulishwa. Kaunti inayotoza ada ya kuegesha barabarani haiwezi kusema usafi wa barabara hiyo haiihusu.

Mpaka hayo yatimie, fungua boneti kila asubuhi, usiache chakula garini, na mwambie fundi azibe mianya kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Vaa glavu unaposafisha, kwani mkojo wa panya hubeba maradhi. Sumu iepuke, kwa kuwa panya aliyekula sumu akiliwa na paka, utampoteza mlinzi wako. Na ukikuta waya zimekatwa, piga picha kabla fundi hajagusa kitu, kisha umtake aandike chanzo kwenye risiti. Bila karatasi hiyo, bima, gereji na tajiri wote watakuambia waya zilichakaa zenyewe.