Kitufe cha kioo kipimwe kwenye jua la Voi

Vitufe vya kioo vimerudi. Juni 2025 Apple ilitangaza sura mpya ya simu na kompyuta zake, Liquid Glass, ambayo vitufe na menyu zake hupitisha mwanga na kuonyesha kilicho nyuma. Haukupita muda watumiaji wakaanza kulalamika kwamba maandishi hayasomeki, na kabla ya mwaka kwisha kampuni hiyo ikaongeza chaguo la kupunguza uangavu. Mtindo wenyewe si mgeni. Apple hiyohiyo iliuonyesha San Francisco Januari 2000 kwa jina Aqua, Microsoft ikafuata na Windows Vista mwaka 2007, kisha Windows 8 na iOS 7 zikaufagia na kuleta vitufe bapa.

Mteja akishazoea kuuona kwenye simu yake, atautaka pia kwenye tovuti ya lodge yake ya Tsavo au kwenye bango la duka lake. Basi vijana wanaosanifu michoro Voi, Mwatate na Wundanyi, kaunti ya Taita Taveta, waujifunze, tena kwa mkono, badala ya kupakua vitufe vilivyokwisha kutengenezwa na watu wengine.

Gharama si kisingizio. GIMP, programu ya kuhariri picha iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1995, ni ya bure hadi leo. Kazi yenyewe ni ya leya (tabaka) chache: umbo la mstatili wenye pembe za mviringo, rangi inayobadilika polepole kutoka juu kwenda chini, duara bapa jeupe la mng'ao lililopunguzwa uzito, kivuli hafifu, kisha maandishi juu ya vyote. Ikihifadhiwa kama PNG, uangavu unabaki. Ikihifadhiwa kama JPEG, unapotea na nyuma ya kitufe panajaa rangi.

Wengi hukosea kwenye ile rangi inayobadilika. Hung'arisha juu na kutia giza chini, na kitufe kinatoka kama plastiki. Kioo hupitisha mwanga kwa namna nyingine, na Taita Taveta haikosi mahali pa kujifunzia jambo hili. Ni kaunti ya tsavorite, kito cha kijani ambacho mwanajiolojia Campbell Bridges alikipata huku mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikakipa jina la Tsavo mwaka 1974. Chukua kito chochote kinachopitisha mwanga, kilichosuguliwa kikawa na mgongo wa mviringo, ukiweke chini ya taa. Juu kutaonekana doa dogo jeupe tu, pale mwanga unapogonga na kurudi. Mwanga uliobaki huzama ndani na kujikusanya upande wa pili, kwa hiyo rangi iliyokolea iko juu, na chini ndiko kunakowaka. Msanifu akigeuza rangi zake zifuate mwendo huo, kitufe kinakuwa kioo papo hapo.

Hapo ndipo tatizo huanza. Kule chini kunakowaka ndiko nusu ya herufi nyeupe inakozama. Neno "Lipa" linabaki vichwa bila miguu. Kanuni za kimataifa za tovuti, WCAG, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa mng'ao usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya kijani kibichi kinachong'aa haifiki hapo. Kitufe kikiwekwa juu ya picha ya tembo wa Tsavo, uwiano hubadilika kila ukurasa unaposogezwa.

Kazi hizi hukaguliwa ndani ya saiba, penye kivuli na skrini kubwa. Anayezitumia yuko stejini Voi, mchana, jua limemkaa utosini, na simu yake ni ya bei nafuu, yenye skrini hafifu. Ukungu wa Wundanyi haumfikii. Mwenye uoni hafifu anateseka zaidi, na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo za kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Uzuri unaomzuia mtu kulipa au kusoma bei si uzuri wa kulipiwa.

Dawa ipo na ni rahisi. Weka leya nyembamba ya rangi nzito kati ya kioo na maandishi, nenepesha herufi, uache mng'ao ukae pembeni. Na pale ambapo mistari michache ya msimbo wa CSS inaweza kuchora kitufe hicho, usipandishe picha nzito itakayokula bando la msomaji.

Walimu wa vyuo vya ufundi, wafundisheni vijana kioo pamoja na kipimo chake. Nawe mteja, kabla hujalipa salio, itoe simu nje saa saba mchana, ufungue ukurasa wako mpya, umpe mzazi wako akusomee vitufe vyote. Kisichosomeka kirudi kwa fundi.