Nafasi ya Kifaa cha Ada Kiooni Yaamua Wepesi wa Safari Nairobi Expressway

Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma mnamo Mei 2022 ili kupunguza msongamano jijini. Hata hivyo, dakika zinazookolewa barabarani zaweza kupotea katika kituo cha ada, na mara nyingine chanzo ni kifaa kidogo kilichowekwa mahali pasipofaa ndani ya gari.

Kifaa hicho huwasiliana kwa mawimbi ya redio na antena iliyo kituoni. Gari likaribiapo kwa mwendo wa polepole, ada hukatwa kwenye akaunti na kizuizi huinuka. Mawasiliano hayo huchukua muda mfupi mno, hivyo kifaa hakina budi kuielekea antena bila kuzibwa. Mahali panapofaa ni sehemu ya juu ya kioo cha mbele, karibu na katikati, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, ambapo pia hakimkingi dereva macho. Anayekitia ndani ya dashibodi hukizungushia vizuizi yeye mwenyewe.

Tatizo gumu zaidi ni lile lisiloonekana. Baadhi ya magari yana vioo vyenye utando mwembamba wa metali wa kupunguza joto la jua, nao hudhoofisha mawimbi. Watengenezaji wengi huacha eneo dogo lisilo na utando huo, aghalabu penye vitone vyeusi karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Hapo ndipo pa kubandika.

Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa Kenya hutoka Japani, na baadhi huja na vifaa vya ada vya huko. Ile sauti ya kike inayozungumza Kijapani gari linapowashwa, ambayo imewashangaza wenye magari wengi, mara nyingi huwa inalalamika kwamba kadi ya ada haijaingizwa. Kifaa hicho kilisajiliwa kwa barabara za Japani. Hakiwezi kumlipia mtu Mlolongo.

Kumlaumu dereva pekee si haki. Anayemkabidhi kifaa ndiye anayepaswa kukikagua kioo na kumwonyesha mahali, kwa kuwa gari moja likikwama kizuizini, yaliyo nyuma yake hayana pa kupitia, na kurudi kinyumenyume hapo ni hatari. Ukaguzi huo urudiwe kila kioo cha mbele kinapobadilishwa.