Whisky, kuhara na mastaa wa Hollywood

Leo mapenzi tunayaweka kando, nakuletea kasheshe za nyuma ya kamera.

Kuna picha ya zamani inaitwa The African Queen, ya mwaka 1951. Kwenye vibanda vya video Kakola huioni, watu wanataka ngumi tu. Lakini hadithi yake ni ya kwetu kabisa: ni 1914, enzi za Mjerumani, jamaa mlevi mwenye kimashua na dada wa misheni wanapanga kulipua meli ya Wajerumani ziwani. Inasemekana wazo lilitokana na meli ya Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Ndiyo hiyo hiyo ya Kigoma!

Sasa balaa lenyewe. Mwongozaji John Huston aliwabeba Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mpaka Kongo na Uganda. Mashua ikazama, ikabidi waivute. Malaria na kuhara vikawapiga watu karibu wote. Hepburn alikonda vibaya, anaigiza huku ndoo ya kutapikia iko jirani. Huston naye kichwani ana tembo wa kuwinda tu! Na zile sehemu za kuingia majini walienda kuzipigia London, kwa kuogopa magonjwa.

Waliopona ni Bogart na Huston. Bogart alitamba kwamba yeye ni whisky na vyakula vya kopo tu. Hepburn, kwa kuchukia ulevi wao, alikunywa maji, yakamlaza.

Najua kuna mshikaji hapo anachekelea: "Si nilisema, gongo inaua vijidudu!" Huku machimboni wimbo huo nausikia kila siku. Tulia, kaka. Kilichomwokoa Bogart ni kutogusa maji machafu. Maji yaliyochemshwa yangemwokoa vile vile, tena kwa bei poa.

Halafu soma mwisho wake. Bogart alipata Oscar kwa picha hiyo, lakini mwaka 1957 saratani ya koo la chakula ikamwondoa akiwa na miaka 57. Alikuwa mtu wa sigara na chupa. Hepburn, yule wa maji, alifariki 2003, bibi wa miaka 96!

Chemsha maji, mwanangu. Tukutane wiki ijayo.