Breki za Askari Weupe
Ukichomwa na mwiba leo, kesho pakatunga usaha, ujue chembe nyeupe za damu zimefika kazini. Lakini damu hukimbia. Chembe hizo zinashukaje palepale penye jeraha? Timothy Springer, mwanabiokemia wa Harvard, amelikalia swali hilo kwa miongo. Mwaka 1991, yeye na Michael Lawrence walionyesha kwamba chembe kwanza hubingirika ukutani mwa mshipa, mithili ya konda arukaye kutoka kwenye daladala kabla halijasimama, kisha hujishikiza kwa protini ziitwazo integrini. Elimu hiyo ilichangia kuzaa vedolizumab, dawa ya vidonda vya utumbo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Tuzo ya Lasker ya utafiti wa tiba ikamfikia Springer 2022. Tunaodai matokeo ya utafiti kila bajeti tukumbuke: mnazi hauzai msimu wa kwanza.