Baridi yasingiziwa, maji ndiyo yanayokunywa dizeli

KILANGALI, Kilosa

Mvua za masika zinapoanza kushika katika wilaya ya Kilosa, mabishano ya nauli ya mizigo nayo huanza upya. Mwenye lori humwambia mwenye mpunga kwamba safari haiwezekani kwa bei ya kiangazi, kwa sababu hali ya hewa ikiwa ya baridi na mvua gari hula sana mafuta. Mwenye mpunga hukubali shingo upande, au hukataa na kuuacha mzigo wake ghalani. Ni wachache wanaotoa kalamu na kufanya hesabu. Matokeo yake ni kwamba nyongeza ya masika hupangwa kwa kukisia, na anayekisia vibaya ndiye anayebeba hasara.

Hoja ya mwenye lori ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Gari hula mafuta zaidi nyakati za mvua. Kinachokosewa ni sababu, na sababu ikikosewa dawa nayo hukosewa. Kinachomaliza tangi la lori linalotoka mashamba ya Kilangali si baridi ya alfajiri. Ni maji: yale yaliyotuama njiani, na yale yaliyomo ndani ya magunia yenyewe. Ya kwanza yanahitaji mkono wa serikali. Ya pili yako mikononi mwa wafanyabiashara, na ndiyo yanayozungumzwa kidogo zaidi.

Baridi ya hapa ni ndogo

Imani kwamba baridi hula mafuta haikuzuka hewani. Injini imetengenezwa ifanye kazi vizuri ikiwa na joto la karibu nyuzi 90. Ikiwashwa ikiwa ya baridi, oili huwa nzito, vyuma husuguana kwa taabu, na injini ya petroli humiminiwa mafuta mengi kuliko kawaida hadi ipate moto. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba gari la petroli linalotembea mjini katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri hupungukiwa na umbali wa asilimia 15 hivi kwa mafuta yaleyale, likilinganishwa na siku ya nyuzi 25. Kwa safari fupi za kilomita tano au sita, upungufu unaweza kufika asilimia 24.

Lakini Kilosa si Chicago. Katika usiku wa Juni na Julai, ambao wenyeji huuita wa baridi, joto huteremka kuelekea nyuzi 15. Injini inayoanzia nyuzi 15 inatakiwa kupanda nyuzi 75 ili ifike 90. Inayoanzia nyuzi 25 inatakiwa kupanda nyuzi 65. Tofauti ni nyuzi 10 tu, na lori la safari ndefu huimaliza katika kilomita chache za mwanzo.

Upepo wa matairi nao hupungua baridi inapoingia. Tairi la gari dogo lililojazwa mchana wa nyuzi 30 litakuwa limepungua kama pauni mbili kufikia alfajiri ya nyuzi 15. Kwa makadirio ya Marekani, kila pauni moja inayopungua katika matairi yote huongeza ulaji wa mafuta kwa asilimia 0.2. Pauni mbili, basi, hazifiki hata nusu ya asilimia moja. Hiyo si sababu ya kupandisha nauli.

Anayeguswa zaidi na baridi ni yule mwenye teksi, bodaboda au gari dogo la abiria la safari fupifupi, ambalo huzimwa kabla injini haijapata moto, kisha huwashwa tena limeshapoa. Huyo ana haki ya kulalamika kidogo. Mwenye lori la mpunga hana.

Tope na kilo zake

Mvua ni jambo jingine. Kwa vipimo vya kawaida vya uhandisi, kuvuta tani moja juu ya lami kavu kunahitaji nguvu sawa na ya kunyanyua kilo 10 hivi. Juu ya changarawe iliyoshindiliwa ni kama kilo 20. Kwenye tope laini nguvu hiyo hufika kilo 100, na pengine zaidi.

Chukua lori ambalo pamoja na mzigo wake lina tani 16. Kwenye lami linahitaji nguvu ya kilo 160 ili matairi yaendelee kuzunguka. Kwenye tope linahitaji kilo 1,600. Yaani kilomita 5 za tope kutoka shambani hadi barabara kuu zinaweza kuidai injini kazi ileile ya kusukuma matairi ambayo ingeifanya kwa kilomita 50 za lami. Hapo bado dereva hajaingiza gia nzito, matairi hayajaanza kuzunguka pale pale bila gari kusogea, na utingo hajatumwa kutafuta vijana wa kusukuma. Lori kubwa linaloachwa linanguruma limesimama huunguza kama lita 3 kwa saa bila kusogea hata hatua moja.

Kilangali ni nchi ya mpunga. Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA) una shamba lake la mbegu katika eneo hilo, na hakuchaguliwa mahali pakavu. Ardhi inayoshika maji vizuri kwa ajili ya mpunga ndiyo hiyohiyo inayoshika tairi la lori. Mkulima hawezi kuipenda mwezi wa Februari na kuilaani mwezi wa Aprili.

Wilaya hii inajua vizuri gharama ya maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe na kusimamisha treni. Januari 2014 maji yaliharibu daraja la Dumila, na magari ya Morogoro na Dodoma yakakwama pande zote mbili. Hayo yalikuwa makubwa, yakaandikwa magazetini. Madogo ya kila mwaka, ya korongo lililokata njia ya shambani au kalavati lililoziba, hayaandikwi popote ila katika daftari la mwenye gari, kama analo.

Magunia saba ya maji

Sehemu ya pili ya maji haionekani kwa macho. Mpunga huvunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Ili uhifadhiwe bila kuvunda na ukobolewe bila kukatikakatika, unyevu unatakiwa uwe asilimia 14 hivi. Mwenye haraka ya fedha haungoji ukauke. Huupakia vilevile.

Chukua lori lenye magunia 100 ya kilo 100 kila moja, yaani tani 10, likiwa na mpunga wenye unyevu wa asilimia 20. Humo mpunga mkavu kabisa ni kilo 8,000. Mzigo huohuo ukianikwa hadi asilimia 14 utakuwa na uzito wa kilo 9,300 hivi. Tofauti ni kilo 700. Hayo ni maji matupu, uzito wa magunia saba, yaliyopakiwa, yakavutwa kwenye tope, yakalipiwa dizeli, kisha yakaachwa yapotelee hewani kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa.

Hapo ndipo utaratibu wa soko unapoleta dhuluma bila mtu kukusudia. Nauli mara nyingi hutozwa kwa gunia, si kwa kilo. Gunia bichi na gunia kavu hulipa sawa. Mwenye lori anajua kwamba baadhi ya magunia ni mazito kuliko yanavyoonekana, na lumbesa zikiongezwa huwa mazito zaidi. Kwa hiyo hujilinda kwa kupandisha nauli ya wote. Mkulima aliyeanika mpunga wake siku tatu, akaufunika turubai kila wingu lilipotanda, anamlipia dizeli yule ambaye hakuanika. Mwaka unaofuata naye haoni sababu ya kuanika.

Wapo watakaosema kwamba kuanika wakati wa masika ni rahisi kusema kuliko kutenda, na kwamba mwenye karo ya mtoto hawezi kungoja jua. Ni kweli. Lakini hilo ni jambo la bei, si la kufumbiwa macho. Mnunuzi anayenunua mpunga mbichi apunguze bei yake waziwazi kwa kiasi cha maji, kisha auanike mwenyewe karibu na shamba kabla ya kupakia. Turubai na uwanja wa saruji vinagharimu fedha mara moja. Kilo 700 za maji hulipiwa kila safari.

Nyongeza ipimwe

Je, masika yanastahili nyongeza kiasi gani? Kila mwenye gari anaweza kujibu kwa kujaza tangi hadi juu, kuandika kilomita, kwenda safari yake, na kujaza tena. Afanye hivyo kiangazi na masika, kwa mzigo unaolingana.

Tuseme, kwa mfano tu, lori linakwenda kilomita 4 kwa lita wakati wa kiangazi na kilomita 3 wakati wa mvua. Kwa safari ya kilomita 120, kiangazi ni lita 30 na masika ni lita 40. Kama lita ni shilingi 3,000, nyongeza halisi ya dizeli ni shilingi 30,000. Igawanywe kwa magunia 100: ni shilingi 300 kwa gunia. Mwenye lori anayedai nyongeza ya shilingi 1,500 kwa gunia huenda ana sababu nyingine za haki, kama springi zilizovunjika, klachi iliyoungua au siku mbili za kukwama. Lakini azitaje kwa majina yake. Asiziite mafuta. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, kwa hiyo bei ya lita si siri ya mtu.

Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria kukopa ili anunue lori la kubeba mazao, hesabu hii ni ya lazima kabla ya kutia saini. Marejesho ya benki hayana masika wala kiangazi. Lori linalolipa vizuri kwa miezi ya jua linaweza kula faida yote hiyo katika miezi mitatu ya tope. Swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe injini inakula kiasi gani kwenye lami. Liwe njia ya kwenda kwenye mzigo ikoje mwezi wa Aprili.

Daftari hilohilo lina kazi nyingine. Tangu 2017 barabara za vijijini ziko chini ya TARURA. Wafanyabiashara wanaokwenda kuomba kalavati au mtaro wakiwa na malalamiko tu husikilizwa kama wengine wote. Wanaokwenda na maandishi kwamba kipande kimoja cha kilomita 5 kimekula lita kadhaa katika safari kadhaa za msimu mmoja wanaleta hoja ambayo mhandisi anaweza kuiweka katika bajeti yake.

Serikali inaweza kuchelewa. Mizani haina sababu ya kuchelewa. Nauli ikitozwa kwa kilo, pale pale mzigo unapopakiwa, aliyeanika atalipa kidogo na asiyeanika atalipa zaidi, na lori litabeba mpunga badala ya maji. Wanunuzi na wachukuzi wa Kilangali hawahitaji kibali cha mtu yeyote kuanza utaratibu huo katika mavuno yajayo.