Panga la Kuazimana



Mnyauko wa migomba uliingia mkoani kwetu Kagera mwaka 2006. Hauna dawa. Panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima.

Je, ukiuona shambani kwako, utauficha? Jirani akija kuazima panga, utampa na kunyamaza?

Kanisani tunafundishwa kumpenda jirani. Upendo huo uanzie shambani. Aliyekomaa katika imani hukubali aibu ili kuokoa shamba la mwenzake. Mwambie jirani ukweli. Pasha panga motoni kabla ya kumpa. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda.

Nawe ukiambiwa, usicheke. Anayechekwa leo, kesho atanyamaza, na migomba yetu sote itakwisha.