Bustani ya Viungo Isigeuke Zahanati

Sisi wauguzi tunafurahi kila tunapoona bustani ndogo karibu na jiko. Hapa Njombe mchaichai upandwe kandokando ya ukuta wa nyumba, maana sakitu ya Juni na Julai huuchoma. Makambako shida ni upepo na ukame. Maji ya kuoshea mboga yasimwagwe ovyo. Kitunguu saumu, giligilani na rozimeri hutia chakula ladha bila chumvi nyingi, na hilo huwafaa wenye shinikizo la damu.

Ila pakanga inatutia wasiwasi. Ni kweli dawa mseto ya malaria ina kiini kitokanacho na mmea huo, lakini katika kikombe cha chai hakuna ajuaye kipimo chake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono matumizi hayo. Mtoto mwenye homa apimwe damu kwanza.

Mama mjamzito, nawe unayetumia ARV, tuambieni mnakunywa majani gani. Hatutawagombeza. Zamani tuligombeza, nao wagonjwa hawakuacha kunywa, waliacha kutuambia.